Watano Wameingia, Watano Wametoka

Saa mbili na nusu asubuhi karani wa lango la hifadhi alifungua daftari lake kubwa, akapiga mstari kwa rula chini ya tarehe, akaandika kwenye safu ya walioingia: watu wazima watatu, kijana mmoja, mtoto mmoja, jumla watano. Kisha akawahesabu tena kwa kuwaelekezea kalamu mmoja mmoja, midomo ikicheza. Kazi yake ilikuwa na kanuni moja tu, kwamba idadi inayoingia ndiyo inayotoka, na katika miaka kumi na moja hajawahi kukosea hata kichwa kimoja. Hilo aliwaambia mwenyewe, bila kuulizwa.

Hao watano walikuwa familia ya afisa wa idara ya ramani. Alikuwepo afisa mwenyewe, mtu wa miaka hamsini aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama. Alikuwepo mkewe, fundi cherehani, ambaye hakuwa na maneno mengi mbele za watu. Walikuwepo watoto wao wawili: binti wa chuo, aliyekuwa na jibu la kila kitu, na mvulana wa miaka tisa ambaye nyumbani wote walimwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kuagiza. Wa tano alikuwa mama yake afisa, bibi wa miaka sabini na sita mwenye viatu vya raba na mkoba ambao hakutaka mtu yeyote amsaidie kuubeba.

Ilikuwa Siku ya Familia. Idara ilikuwa imempa kila afisa barua ya kuingia hifadhini na kikaratasi chenye ramani ya njia tatu za matembezi mepesi. Ya kwanza ilikuwa na mita mia nane, ya pili mita elfu moja na mia mbili, na ya tatu ilikuwa na mabenchi kila hatua mia kwa ajili ya wenye magoti. Ramani aliichora afisa kwa mkono wake. Hata ubao mkubwa wa mbao uliotundikwa juu ya lango, maneno yake aliyatunga yeye, na mkuu wa idara alimsifu kwa hayo mbele ya wenzake: Karibu katika msitu ambao haujawahi kukaliwa na binadamu. Afisa aliipanga familia yake chini ya ubao huo ili wapigwe picha. Bibi alisimama mwisho wa mstari, akatazama pembeni.

Aliusoma ubao polepole, kwa sababu alijifunza kusoma ukubwani. Yeye alizaliwa humo ndani, akaolewa humo ndani, na humo ndani akazaa watoto wawili, wa kwanza msichana na wa pili huyu huyu mtunga ubao. Miaka hamsini iliyopita, afisa akiwa na umri wa wiki tatu, yalikuja malori kukihamisha kijiji kizima ili msitu upate kuwa hifadhi. Nyuma ya kila lori alisimama mtu wa kuhesabu, mkononi ana orodha iliyoandikwa mwaka uliotangulia. Kwenye orodha, kaya ya Bibi ilikuwa na mume, mke na mtoto mmoja. Ndani ya lori walionekana mume, mke na mtoto mmoja. Bibi alipiga kelele kwamba mtoto mwenyewe siye huyu, huyu ni mchanga, aliyeandikwa ni dada yake wa miaka saba, ametumwa maji kijitoni na hajarudi. Mwenye kuhesabu alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamwonyesha orodha. Hesabu ilikuwa sawa, lori likaondoka.

Tangu hapo Bibi alikwenda katika ofisi nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na zote zilimjibu kwamba msituni hakuna mtu, kwa kuwa wote walihesabiwa. Mumewe alichoka kwenda naye, kisha akachoka na mengine yote, akafa. Bibi hakuchoka. Barua ya Siku ya Familia ilipoletwa nyumbani aliuliza jambo moja tu, kama jina lake limo, na alipoambiwa limo alikwenda sokoni akanunua ndala za manjano za mtoto wa miaka saba, akazitia mkobani. Alikuja kumchukua binti yake, wala hakumficha mtu.

Mwanawe alilijua jambo hilo kama mtu anavyolijua jino bovu la kinywani mwake, akawa anatafunia upande mwingine. Ofisini, alizoea kusema, mtu huandika kilichomo kwenye faili, na kwenye faili la hifadhi hakikuwemo kijiji. Walipokuwa wanashuka kwenye gari alimshika mama yake mkono akamwomba kwamba leo ni mapumziko, wamekuja kunyoosha miguu tu, basi. Bibi alimwambia kuwa yeye miguu yake imenyooka siku nyingi.

Waliongozwa na msichana mwenye sare ya kijani na filimbi shingoni. Mwongozaji huyo alikuwa ameyahifadhi maelezo yake yote kichwani na hakupenda kukatizwa. Alizitaja kanuni: msitoke njiani, msiguse mimea, msilishe wanyama, msiache ndani mlichoingia nacho, msitoke na msichoingia nacho. Bosi alitaka kujua nani alizitunga, akaambiwa atembee.

Njia ya Kwanza ilianza vizuri. Miti ilikuwa mirefu na minene, mizizi yake imejitokeza juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa mzee, na kila mti ulikuwa na kibao cha bati chenye jina la kitaalamu. Mwongozaji aliyasoma majina hayo bila kujikwaa. Bibi, aliyekuja nyuma yake, aliutaja kila mti kwa jina alilolijua yeye, na kila alipoutaja mti uliangusha jani moja, likamtua begani. Walipofika mti wa kumi mabega yake yalikuwa yamejaa. Mwongozaji alieleza kuwa huu ni msimu wa kupukutika majani, akaendelea.

Baada ya mita mia tatu njia ilipinda kushoto. Afisa alisimama, akakitoa kile kikaratasi, akakitazama, akakigeuza juu chini, akakitazama tena. Kwenye ramani njia ilinyooka. Alisema ramani haina kosa, aliipima mwenyewe. Mwongozaji alipuliza filimbi mara moja, kama anavyotakiwa kufanya pakitokea lolote, kisha akaikumbusha familia kwamba kanuni ni kutotoka njiani, na wao wako njiani. Hilo lilikuwa kweli. Njia ndiyo iliyotoka, na hakuna kanuni iliyosema chochote juu ya hilo, kwa hiyo wakaifuata.

Iliwapitisha kwenye mteremko mdogo, ikazunguka jiwe ambalo Bibi alilipapasa kwa kiganja, ikawafikisha mahali palipo wazi kidogo katikati ya miti. Hapo mvua ilikuwa inanyesha, mvua ya kawaida ya msituni, nzito na isiyo na haraka. Lakini haikunyesha kila mahali. Chini palikuwa na vipande vya ardhi vikavu kabisa, vya pembe nne, vimepangwa huku na huku, vingine vikubwa na vingine vidogo, na kila kipande kikubwa kilikuwa na kidogo ubavuni mwake. Vumbi la humo lilikuwa jepesi. Mvua ilipofika juu ya vipande hivyo ilipasuka hewani, ikateremka pembeni kwa mteremko wa paa.

Mwongozaji alieleza kuwa hivi ndivyo Vipumzikio Vikavu vya Asili, sehemu inayopendwa kuliko zote na wageni, ingawa kwa kawaida hufikiwa kwa Njia ya Pili. Hifadhi ilikuwa imeweka mabenchi katika vipande vinne na ilikuwa na mpango wa kuweka pipa la taka. Binti wa chuo aliuliza nani walikaa hapa. Mwongozaji akasema hakuna, kama alivyosoma langoni. Binti akauliza, sasa hizi pembe nne zimetoka wapi?

"Maumbile," mwongozaji akajibu.

Bibi alikuwa hawasikilizi. Alipita kati ya vipande vile kwa kufuata vijia ambavyo havikuwepo tena, na mvua ikawa inampisha. Aliwaonyesha wajukuu wake: hapa kwa seremala, hapa kwa mkunga, hapa kwa yule mama aliyekuwa akija kuomba chumvi na kuondoka na siri za watu. Kisha akasimama mbele ya kipande kidogo kilichokuwa na kingine kidogo zaidi ubavuni, akajipangusa viatu, akaingia. Wengine wakajipangusa viatu wakaingia nyuma yake. Afisa aliinamisha kichwa alipopita mahali ambapo mlango ulikuwa mfupi, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Waliketi. Fundi cherehani alitoa mayai ya kuchemsha, mkate na chupa ya chai, akagawa. Bosi alikuwa anautoa mkono wake mvuani na kuurudisha, akihakikisha. Afisa alikula yai lake kwa kulitazama sana.

Msichana alitokea upande wa kijito, ndoo ya maji kichwani, anatembea wima bila kuishika. Alikuwa na umri wa miaka saba na gauni lililofifia. Alikunja goti mlangoni, akaitua ndoo kwenye kona ya jikoni, na katika kuitua halikumwagika hata tone. Akamgeukia Bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi akasema. "Umechelewa."

Msichana alieleza kwamba siku ile alikuta maji yamevurugwa, akangoja yatulie. Aliporudi hakukuta mtu. Akaona si vizuri wakirudi wakute maji ya jana, kwa hiyo kesho yake aliyamwaga akateka mengine, na kesho yake tena, na siku zote tangu hapo. Haya aliyoyatua sasa ni ya leo. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayejitetea mapema kabla hajagombezwa.

Bibi alilia. Alimvuta binti yake kifuani, akakuta amekonda, na hilo ndilo lililomliza zaidi, kwamba miaka yote hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia ale. Alimpa yai lake na mkate wake. Alimvisha zile ndala za manjano, zikamkaa sawasawa, kwa kuwa mguu haukuwa umekua. Hapo ndipo akakumbuka kwamba kuna watu wengine, akampungia afisa mkono asogee.

"Huyu ni mdogo wako."

Msichana alimtazama afisa, kuanzia kwenye mikunjo ya shati hadi kwenye kipara.

"Yule wa mgongoni?"

"Ndiye."

"Ameharibika nywele," msichana akasema kwa huruma.

Afisa alinyoosha mkono amshike kichwa, kama watu wazima wanavyowashika watoto wa wenzao. Mama yake aliuangalia ule mkono mpaka ukarudi chini, akamwambia amsalimie dada yake. Afisa akakohoa, akasema shikamoo, dada. Dada yake akaitikia marahaba na kumuuliza kama ni mzima. Fundi cherehani alimsalimu kama wifi, wakashikana mikono kwa heshima. Binti wa chuo akasema shikamoo, shangazi, bila tabu yoyote. Aliyepata tabu ni Bosi, kwani alimzidi shangazi yake miaka miwili na kichwa kizima, lakini macho ya nyumba yote yalikuwa kwake, akasema. Shangazi aliitikia, kisha akamwonyesha ndoo amletee kila mtu maji. Tangu saa ile jina la Bosi lilikosa mwenyewe.

Maji yalikuwa baridi na matamu. Mwongozaji naye alipewa, akanywa, akatoa fomu yake ya kuandika viumbe walioonekana. Ilikuwa na nafasi za nyani, ndege na vipepeo. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya mengineyo, na hapo akaandika: mtoto, mmoja.

Kwa kuwa barua ilisema njia tatu, walizimaliza zote tatu. Bibi alitembea na ndala za manjano mbele yake, uso umekunjuka mpaka akawa kama mtu mwingine. Kwenye Njia ya Tatu, yenye mabenchi, dada mtu alirudi nyuma, ndoo yake tupu mkononi, akatembea na mdogo wake. Alimwambia kuwa alikuwa mtoto wa kulia sana, na kwamba ni yeye tu aliyejua kumbembeleza, kwa kumtembeza huku na huku mpaka anyamaze. Alimuuliza anafanya kazi gani siku hizi.

"Nachora ramani."

"Ramani ni kitu gani?"

"Ni picha ya mahali, dada. Ili mtu akija ajue kuna nini."

Dada yake alilifikiria hilo kwa hatua kadhaa.

"Kwetu umekuchora?"

Afisa alisema kuna unyevu mwingi, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, na alipoivaa tena walikuwa wamefika langoni.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Karani alikuwa amekwisha kukunja bendera na kufunga dirisha, daftari peke yake ndilo lililobaki wazi. Aliwaelekezea kalamu mmoja mmoja. Akawahesabu tena kuanzia mwisho. Wote wawili, yeye na daftari, walikuwa watulivu.

"Mko sita," akasema. "Waliingia watano."

Bibi alimweleza, kwa kifupi, kwa sababu maelezo hayo alikuwa ameyatoa mara nyingi na alijua sehemu zinazowachosha watu. Karani alisikiliza vizuri. Alikuwa mtu mwema, na aliposikia miaka hamsini alitikisa kichwa kwa masikitiko. Lakini safu ya pili, alisema, inafuata safu ya kwanza. Aliyezidi itabidi arudi alikotoka. Mwongozaji aliunga mkono kwa kuitaja kanuni ya mwisho, kwamba mtu asitoke na asichoingia nacho, na alisema kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya vipepeo lakini haikuwataja vipepeo.

Msichana alikuwa na umri wa kutii. Aliisikia amri, akainama aichukue ndoo yake. Bibi alimshika mkono wa pili na hakuuachia.

Karani alijikuna, akafungua mtoto wa meza, akaanza kutoa vitu: rula nyingine, betri, mishumaa, bahasha. Chini kabisa kulikuwa na karatasi moja iliyogeuka rangi. Ilikuwa fomu, nayo iliitwa Tamko la Mkazi wa Awali. Ililetwa pamoja na meza, alisema, na hakuna aliyewahi kuiomba. Kwa fomu hiyo mtu aliyekutwa ndani anaweza kutoka bila kuandikwa kwenye safu yoyote. Inachotaka ni tamko kwamba alikuwa akiishi humo kabla ya hifadhi, pamoja na saini na muhuri wa afisa wa idara ya ramani. Akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Bahati nzuri," akasema.

Wote walimgeukia afisa. Afisa aliichukua fomu, akaisoma mbele na nyuma, kwa utaratibu, kama anavyosoma fomu zote. Ilikuwa fupi. Kalamu alikuwa nayo mfukoni mwa shati, mbili.

"Muhuri uko ofisini," akasema.

"Weka saini, mwanangu," Bibi akamwambia. "Muhuri utafuata."

Karani alisema yeye hana neno na hilo, anaweza kungoja muhuri hadi Jumatatu.

Afisa alieleza basi kwamba jambo lenyewe si muhuri tu. Akitamka kuwa mtu mmoja aliishi humu, atakuwa ametamka kuwa humu kuliishi watu, na hilo linapingana na nyaraka, ambazo amezitia saini yeye mwenyewe. Na likitoka kwa huyu, watakuja wengine. Kilikuwa kijiji cha kaya mia tatu. Alijikuta amelitaja hilo la kaya mia tatu bila kusita, ingawa halikuwemo kwenye faili.

"Andika, baba watoto," mkewe akasema. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwambia mumewe la kufanya mbele ya watu wa kazi.

Afisa aliitoa kalamu. Alibonya kitufe chake, ncha ikatoka, akakibonya tena, ncha ikarudi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza miaka mitano astaafu na alipenda mambo yalingane. Aliirudisha kalamu mfukoni, akaikunja fomu mara mbili, akasema ataishughulikia ofisini, kwa utaratibu.

Bibi alimtazama mwanawe. Hakukasirika. Afisa angefurahi kama angekasirika.

"Siku ile ulihesabiwa wewe badala yake," akamwambia. "Sikukulaumu. Ulikuwa mchanga."

Hapo aliishia, na kilichobaki afisa alikimalizia mwenyewe moyoni, akaona uchungu, wala hakubadili mawazo.

Bibi aliupeleka mkono wa binti yake kwenye mkono wa fundi cherehani, akampitilia mwanawe. Alimwelekeza mkwewe kwamba mtoto huyu analala kifudifudi, anaogopa mbwa, hali mpaka aambiwe mara mbili, na nywele zake zisichanwe zikiwa kavu. Mkwewe alisema ndiyo mama kwa kila moja, machozi yanamtoka waziwazi. Kisha Bibi akamwinamia binti yake, akaichukua ndoo.

"Nenda na mdogo wako," akamwambia. "Mimi nakwenda kuteka maji. Nikichelewa msinisubiri na njaa."

Msichana alimkubalia, kwa kuwa alijua jinsi maji yanavyoweza kumchelewesha mtu. Alimshauri angoje yatulie kwanza.

Karani, ambaye alitaka mambo yawe wazi, alimkumbusha Bibi kwamba hairuhusiwi mtu kubaki ndani baada ya saa kumi na moja.

"Sibaki," Bibi akasema. "Naenda nyumbani."

Akageuka, akawapa kisogo, ndoo kichwani bila kuishika, mtu wa miaka sabini na sita. Njia ilikuja ikampokea karibu kabisa na lango, ikamsogeza upande wa kushoto, na miti ikafunga nyuma yake. Karani alielekeza kalamu kwa waliobaki. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Binti wa chuo alimuuliza kwa hasira kama haoni kuwa hawa si wale. Karani akamwonyesha kwa upole kwamba safu ya kutoka haiulizi umri wala sura. Aliandika, akapiga mstari kwa rula, akafunga daftari. Kwa mujibu wa daftari hilo, jioni ile msituni hapakuwa na mtu. Kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumtafuta, na hakuna aliyekwenda kumfukuza.

Jumatatu mkuu wa idara alimuuliza afisa Siku ya Familia ilikuwaje. Afisa alijibu kuwa ilikuwa nzuri, matembezi yalikuwa mepesi kama ilivyoandikwa, na hata wazee waliyamudu. Muhuri ulikuwa mahali pake. Siku hiyo aligonga nyaraka arobaini na tatu. Ile fomu ilikuwa kwenye mkoba wake wa kazi, imekunjwa mara mbili, na jioni alirudi nayo nyumbani ikiwa vilevile. Jumanne ikawa hivyo hivyo, akazoea.

Nyumbani dada yake alizoea pia. Alilala chumba cha Bibi, kifudifudi. Aliamka kabla ya wote akakijaza kila chombo maji ya bomba, na kila asubuhi aliyamwaga ya jana akajaza mengine, jambo ambalo fundi cherehani aliwakataza watoto wasimseme. Saa za chakula alikaa kwenye kiti cha mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa, na alimtuma afisa dukani. Mara mbili alimuuliza kama mama yake bado anangoja maji yatulie. Afisa alisema bila shaka.

Ilipokwisha wiki ya pili, mwalimu mkuu wa shule ya mtaani alisema hawezi kumpokea mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, na afisa akampeleka dada yake katika ofisi ya vizazi na vifo. Walikaa foleni asubuhi nzima. Dada yake alikuwa amevaa sare mpya aliyoshonewa na wifi yake, na ndala zake za manjano, na aliwasalimu wazee waliokuwa kwenye benchi mmoja mmoja kama rika lake, wakampenda. Zamu yao ilipofika, msajili aliwapa fomu na kumwonyesha afisa pa kujaza. Jina la mtoto, jina la mama, jina la baba, mahali alipozaliwa.

Afisa alisita hapo. Dada yake alimwambia ni wapi, kwa sauti ya kusikika, akitaja jina la kijiji, na kwamba nyumba yao ni ile ya baada ya seremala. Msajili alipitisha kidole kwenye orodha yake kutoka juu hadi chini, akasema jina hilo halimo, labda wamekosea. Alimtazama afisa kwa subira. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu.

Afisa alichukua kalamu akaandika jina la hospitali ya mjini, herufi moja moja, zote za kimo kimoja. Dada yake alikuwa ameegemeza kidevu juu ya kaunta, anaifuata kalamu kwa macho. Alikuwa bado hajajua kusoma.

"Una mwandiko mzuri, mdogo wangu," akamwambia.